Siku Breki Zilipokataa Kuachia

Harufu ya breki zinazoungua haifanani na harufu nyingine yoyote ninayoijua. Si ya kuni, si ya mpira, si ya nywele zilizopitiwa na moto, ingawa ina kidogo cha kila kimoja. Huanza kwa mbali, kama vile jirani amesahau chungu mekoni, ukadhani itapita. Kisha hupanda puani, hushuka kooni na kukaa huko, kavu na kali, hata mate yakawa machungu. Mimi niliinusa kwanza nikiwa mtoto wa miaka kumi, katika barabara ya kutoka Kahama kwenda Shinyanga, nimekaa nyuma ya lori juu ya magunia matupu, kichwa cha dada yangu kikiwa mapajani mwangu.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati dhahabu ilipokuwa ikiwaita watu kuja pande zetu kama mizinga inavyoita nyuki. Baba yangu, Rajabu, alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini Shinyanga. Alipeleka unga, maharage, chumvi na mafuta ya taa kwenye machimbo ya upande wa Runzewe na kuendelea hadi Geita, na kurudi na ngozi na asali. Mama alikuwa Msukuma wa Samuye, naye alikuwa amefariki nilipokuwa mdogo sana, kiasi kwamba namkumbuka kwa sauti tu. Aliyenilea ni dada yangu Mwajuma. Ndiye aliyenifunza kusuka nywele, kupepeta mtama na kusoma Fatiha bila kukwama. Alipoolewa na Salumu, seremala aliyekata magogo ya kuzuia mashimo yasibomoke kule machimboni, nililia mpaka baba akachoka. Basi masika ya mwaka uliofuata, Mwajuma aliposhika mimba, baba akanipakia kwenye lori na kunipeleka nikakae naye.

Masika yale nayakumbuka kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Alfajiri kengele ya machimboni iligongwa, kisha mlio wa vyuma vinavyoponda mawe ukaanza, na haukukoma mpaka jioni. Hata maji kwenye mtungi yalitetemeka. Mvua ilinyesha karibu kila siku, njia za kambini zikawa tope jekundu lililong'ang'ania miguuni, na mbu wakawa wengi kuliko watu. Watu wenyewe walikuwa wametoka kila upande: Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Wamanyema wa Tabora, kila mmoja na lugha yake, wote wakikutana katika Kiswahili cha kuvunjikavunjika. Dada yangu alikaa mlangoni akishona vinguo kwa vitambaa vya kanga kuukuu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Akiniuliza, "Zuhura, atakuwa wa kiume au wa kike?" nami nikisema wa kike, alicheka na kusema, "Basi atakuwa mkorofi kama wewe." Sijapata kumwona mtu akimsubiri mgeni kwa furaha namna ile.

Uchungu ulimshika jioni moja, ukaenda usiku kucha, ukaenda mchana kutwa, na usiku wa pili pia. Wanawake wa kambini waliingia na kutoka, kwanza wakiimba, baadaye wakinong'ona, mwishowe wakinyamaza. Machimboni kulikuwa na mganga wa kufunga vidonda vya wafanyakazi, lakini alikuja, akatazama mlangoni, akasema kazi hiyo si yake. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilijua uchungu wa pili, wa kusimama nje ya ukuta wa fito na kusikia sauti ya mtu aliyekulea ikipungua nguvu. Kwa bahati, baba alikuwa amefika siku ile na mzigo. Hakuvua hata viatu. Alimwambia Salumu, "Tunampeleka Shinyanga, kuna daktari." Salumu akakimbilia kwa nyapara kuomba ruhusa, akarudi uso umemwanguka. Nyapara alikuwa amemwambia kwamba akiondoka asirudi. Dada alimtazama mumewe, akasema kwa sauti ndogo, "Baki. Tukirudi watatu tutakula nini?" Ndivyo tulivyoondoka kabla ya jua kuchomoza: baba kwenye usukani, utingo wake Masanja amesimama nyuma akishika nguzo za bodi, na mimi na dada juu ya magunia, tumefunikwa turubai.

Masanja alikuwa mtu mzima mwenye wake wawili huko Samuye, mrefu, mchache wa maneno. Njia nzima ya msitu alikaa akitupungia tawi la majani, akifukuza mbung'o wasimuume dada. Lori liliporuka kwenye shimo, Mwajuma aliuma upindo wa kanga yangu, maana hakutaka baba amsikie akipiga kelele. Tulifika Kahama jua limepanda. Palikuwa na zahanati ndogo na tabibu mwenye huruma. Alimpima, akamvuta baba pembeni, lakini sauti yake ilinifikia. "Mtoto amekaa vibaya. Hili si la dawa zangu, mzee. Shinyanga, na leo hii. Kesho msije mkanilaumu." Baba alirudi mbio kwenye lori. Alipanda, akawasha, na tangu hapo lori lilikwenda kama vile lilikuwa linafukuzwa.

Baada ya mwendo mrefu tulikuta kijito kilichojaa. Siku nyingine baba angengoja maji yapungue, kwani alikuwa mtu wa haraka haraka haina baraka. Siku ile alikumbuka upande wa pili wa hekima, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Akaingia. Maji yalifika nusu ya magurudumu, lori likayumba, na katikati likapanda juu ya kitu kigumu, gogo au jiwe, likagonga chini kwa kishindo hata meno yangu yakakutana. Halafu tukapanda ukingo wa pili, matope yanachuruzika, na Masanja akasema, "Alhamdulillahi," ingawa hakuwa Mwislamu.

Hatukufika mbali. Lori lilianza kuwa zito. Lilinguruma kama linapanda mlima, na barabara ilikuwa tambarare kama sinia. Ndipo ile harufu ikaja. Mvuke ukafumka mbele, baba akasimama, akafungua rejeta kwa kitambaa, maji ya moto yakamrukia mkononi. Akajaza maji mapya, akadhani injini ndiyo inayoumwa. Masanja alizunguka nyuma, akatema mate kwenye gurudumu la kulia. Yakachacharika kama mafuta kikaangoni. Akatemea la kushoto, hali ile ile. "Baba Mwajuma," akaita, "breki zimekamata." Akainua debe ayamwagie maji, baba akamshika mkono. "Usithubutu! Chuma chenye moto ule ukikipa maji kitapasuka, tutalala hapa." Wakaingiza jeki, wakainua gurudumu moja, wakalizungusha kwa mikono. Liligoma. Baba akasema ni matope yameingia ndani, yamekauka na joto. Akalala chini, akalegeza nati za breki za magurudumu ya nyuma kwa spana, mpaka yakazunguka kwa shida. Nami juu nilikuwa nafuta uso wa dada kwa upindo wa nguo yangu. Aliniuliza, "Tumefika?" Nikamwambia bado kidogo. Alikuwa amefumba macho, kwa hiyo hakuona kwamba pande zote palikuwa na nyasi tu.

Tukaondoka. Kwa kitambo lori lilikwenda vizuri, nikaanza kuomba kwa shukrani. Kisha uzito ule ule, harufu ile ile, sasa na moshi. Safari hii baba alizima injini ili vitu vipoe kabla hajavigusa. Alilegeza breki za mbele, akazilegeza tena za nyuma. Jua la mchana lilikuwa kali, lile jua la baada ya mvua ambalo huchoma kama limekasirika. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka na kutoa maji, lakini hakuvitazama. Alipomaliza alibonyeza stata. Haikujibu. Akachukua hendeli, akaichomeka mbele, akazungusha; akazungusha tena, mishipa ya shingo imemsimama, na injini ikawa kama jiwe la kaburi. Hata kikohozi hakikutoka. Nilimwona baba yangu akiweka paji la uso juu ya boneti, na mabega yake yakashuka. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo, hata siku alipozikwa mama, kwa sababu siku hiyo sikuruhusiwa kwenda makaburini. Mtoto akimwona baba yake amekata tamaa, dunia huwa haina tena ukuta wa kuegemea.

Masanja alikwenda nyuma kujaribu kusukuma. Aliinama, kivuli cha mwili wake kikaangukia ile taa ndogo nyekundu iliyofungwa chini ya bodi, na akakaa ameinama hivyo hivyo bila kusukuma. "Baba Mwajuma," akasema, "mguu wako uko wapi?"

"Nini?"

"Mguu wako. Upo kwenye breki?"

"Mimi nipo huku mbele, Masanja! Huoni nimeshika hendeli?"

"Basi njoo uone. Taa ya breki inawaka."

Baba alikuja, akaweka viganja viwili kuizunguka taa kama mtu anayekinga kibiriti na upepo. Ilikuwa inawaka kweli, hafifu, rangi ya kaa linalokufa. Nilisikia akivuta pumzi. Mimi sikuelewa siku hiyo. Alikuja kunieleza baadaye, tena mara nyingi, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Taa ile huwaka dereva akikanyaga pedali ya breki, na huzimika akiiachia. Kama inawaka wakati hakuna aliyekanyaga, maana yake pedali haijarudi. Kosa halikuwa kwenye gurudumu hili wala lile. Lilikuwa chini ya sakafu, mahali panapovuta breki zote kwa pamoja. Na ile taa, kwa kuwa iliwaka tangu kijitoni bila mtu kuiona kwa ukali wa jua, ilikuwa imeinyonya betri mpaka ikabaki tupu, na bila betri injini haina cheche.

Akajitupa chini ya lori kifudifudi kisha chali. Springi ya kurudishia pedali ilikuwa imekatika, imeangukia huko kijitoni. Hilo lingetibika kwa kamba ya mpira. Lakini kile chuma cha mviringo kinachopita chini kutoka upande hadi upande, ambacho ndicho hugawa nguvu kwa kila gurudumu, kilikuwa kimepinda pale tulipogonga. Hakikuweza kuzunguka tena. Kilikuwa kimebana breki na kukaa hapo, na breki ya mkono nayo ilitegemea chuma hicho hicho. Walikigonga kwa nyundo. Walikitia gogo na kukikweza. Hakikusogea. Kukinyosha kulitaka moto wa mhunzi, na mhunzi alikuwa mjini. Baba alichomoa waya wa taa ili betri ipumzike, labda ingejikusanyia nguvu kidogo. Halafu hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja kule ndiko kulikokuwa kubaya kuliko yote. Dada alianza kusema na mama. Alimwambia amletee maji ya kisima cha Samuye. Nilimwita kwa jina lake, akanitazama kama mgeni.

Kelele za nyundo zilikuwa zimesikika kwenye kaya moja iliyozungushiwa ua wa minyaa, na watu wakaanza kuja kwa njia ya shambani. Mbele yao alikuwa mwanamke wa makamo amebeba kibuyu. "Mwadila," akasalimu, na Masanja akamjibu kwa Kisukuma, maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akiyasema. Yule mama, waliyemwita Mama Kulwa, hakuuliza zaidi. Alipanda kwenye bodi, akanisogeza taratibu, akaweka mkono juu ya tumbo la dada, akaukaza, akangoja, akasikiliza kwa sikio lake pale pale kwenye ngozi. Alipoinua uso alinitazama mimi kwanza, kisha akamtazama baba.

"Mtoto amenyamaza," akasema. "Lakini huyu mama yake bado yupo. Huyu mnaweza kumwahi."

Baba alibaki amesimama, mafuta meusi yakimchuruzika mikononi. Nilingoja alie, au apige kelele. Badala yake akamwuliza Masanja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Nikizifungua zote je?"

"Breki zote?"

"Nifungue vyuma vyote vinavyokwenda kwenye magurudumu. Zitaachia. Lori litakwenda."

"Litakwenda," Masanja akakubali. "Litasimama vipi?"

"Kwa gia. Na kwa Mungu."

Masanja alitazama barabara, akamtazama dada. Akasema wake zake wasije wakasikia habari hii, akaingia chini ya lori kushika spana ya pili. Vyuma vilitoka kimoja kimoja, na kila kimoja kilipoachia, gurudumu lilitoa mlio kama mtu anayepumua. Mfa maji haachi kutapatapa, nasi tulikuwa tumeshafika shingoni. Walipomaliza, Mama Kulwa alikataa kushuka. Aliwaambia wa kwao wakamlishe ng'ombe na kuwaambia watoto wake amekwenda mjini. Wanaume, wanawake, hata mzee mmoja mwenye mguu mbovu, wakaweka mabega nyuma ya bodi. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Wakaimba ule wimbo wa kulima wa Kisukuma unaoanza polepole, na lori likajongea, likajongea, baba akaachia klachi, likashtuka, likafa. Wakaanza tena. Mara ya pili likafa. Mara ya tatu likakohoa, likatetemeka, likaunguruma, na watu wakapiga vigelegele kana kwamba ni harusi.

Sehemu iliyobaki ya safari naikumbuka vipande vipande. Masanja alisimama kwenye ubao wa kukanyagia pembeni ya kebini, gogo moja mkononi, tayari kulitupa mbele ya gurudumu, akipaza sauti kwa kila aliyekuwa njiani: "Pisheni! Hatuna breki! Pisheni!" Penye mteremko baba alirudisha gia ndogo na injini ikalia kwa uchungu, hata nikadhani itapasuka. Karibu na Samuye kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka, na mchungaji wake hakujua aende mbele au arudi. Baba alikata usukani. Tukatoka barabarani, tukaingia katika shamba la mtama, mabua yakianguka pande zote na kutupiga usoni. Mama Kulwa alilala juu ya dada akamkinga kwa mwili wake. Tukazunguka kundi lote, tukarudi barabarani upande wa pili, na sikumsikia mwenye shamba akitutukana, ingawa nilimwona amesimama na jembe.

Tuliingia Shinyanga jua linakwenda kuzama. Baba hakuwa na namna ya kusimama mbele ya hospitali, basi alilielekeza lori kwenye rundo la udongo uliochimbwa kwa ajili ya mtaro, likapanda pua juu, likazimika. Watu walikuja na machela. Mikono ikamchukua Mwajuma kutoka mapajani mwangu, na ndipo nilipogundua kwamba miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, siwezi kusimama. Mama Kulwa akanibeba mgongoni kama mtoto mchanga, msichana wa miaka kumi, nami sikuona haya.

Dada aliishi. Mtoto alikuwa wa kike, naye hakulia. Tulimzika asubuhi yake, baba na Masanja na mimi. Baba alikuwa amefungwa vitambaa mikono yote miwili. Tuliporudi kutoka makaburini alikaa kwenye ngazi ya hospitali akasema, "Kama ningeitazama ile taa mapema." Masanja akamwambia, "Jua lile, nani angeiona?" Baba akasema tena, "Kama ningeitazama."  Masanja alikaa naye tu, bega kwa bega. Mama Kulwa alirudi kwake kwa miguu siku ya tatu, akiwa amekataa kila kitu isipokuwa kibuyu chake na chumvi ya kupeleka nyumbani. Mwajuma hakupata mtoto mwingine. Salumu alimvumilia miaka kadhaa, kisha akaoa wa pili, na dada akarudi kwetu bila ugomvi. Alilea watoto wangu wote watano. Hakuwahi kusema kama yule wake angekuwa mkorofi au mtaratibu, hatukumtaja kabisa. La kuvunda halina ubani.

Siku hizi ninakaa Kambarage, katika nyumba ya mwanangu, na barabara ile ya Kahama ni lami tupu. Mabasi huipita kabla chai haijapoa, na abiria husinzia mahali ambapo sisi tulilia. Wajukuu wangu wakinisikia nikisimulia hudhani natia chumvi. Mwaka jana binti wa jirani yangu alishikwa na uchungu asubuhi, mama yake akiwa safarini, basi nikamsindikiza mimi na fimbo yangu. Tulitembea, maana kituo cha afya ni karibu tu. Uchungu wake nao ulikwama, wakaniambia mtoto amekaa vibaya. Niliposikia maneno hayo niliketi kwenye benchi la karibu. Lakini daktari, mwanamke mdogo kuliko binti yangu wa mwisho, alisema, "Msiwe na wasiwasi," kama mtu anayesema chakula kitachelewa kidogo. Wakamwingiza chumba cha upasuaji. Kabla ya adhuhuri nilisikia kilio, kile kilio kidogo chenye hasira, na muuguzi akatoka na furushi akaniwekea mikononi. Mtoto wa kike. Nikaanza kulia, nikashindwa kujizuia, mwili mzima ukitikisika kwenye lile benchi.

Muuguzi akainama, akanishika bega. "Bibi, shikamoo tena. Mbona unalia, na mtoto ni mzima na mama yake mzima?"

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Ndiyo maana nalia."